Bima ya Afya na Vita vya Iraq: Clinton na Obama Wakipimwa Bega kwa Bega

Uchaguzi wa mchujo humpa mpiga kura kazi ngumu kuliko uchaguzi mkuu. Mwezi Novemba, Mmarekani anapokuta kwenye karatasi ya kura mgombea wa Democratic na wa Republican, chama chenyewe kimekwisha kumweleza mengi. Katika mchujo wagombea wote ni wa chama kimoja, wanakubaliana katika mambo mengi, na anayetaka kuchagua kwa haki inambidi atafute tofauti ndogo, kisha aamue ipi ni tofauti ya kweli na ipi imekuzwa na watu wa kampeni. Kazi hiyo wanayo pia Wakenya, Watanzania na Wakongo waliochukua uraia wa Marekani, na kwa ajili yao hasa nimeona inafaa kuurudia mchujo wa chama cha Democratic wa mwaka 2008 kati ya Hillary Clinton na Barack Obama. Wawili hao walitofautiana waziwazi katika mambo mawili: kama kila mtu alazimishwe kuwa na bima ya afya, na nani alikuwa na busara kuhusu vita vya Iraq. Kwa kuwa yaliyofuata yanajulikana, ahadi zao zinaweza kupimwa kwa matokeo, nafasi ambayo mpiga kura wa wakati ule hakuwa nayo.

Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea kusoma. Katika bima, mpango wa Clinton ulikuwa umefikiriwa vizuri zaidi. Katika vita, Obama ndiye aliyeona mbali. Na kama mambo hayo mawili yangekuwa ndiyo pekee ya kuchagulia, ningevipa vita uzito mkubwa zaidi, ingawa naamini kwamba ukosefu wa matibabu uliwaumiza Wamarekani wengi zaidi. Sababu yangu inahusu kile ambacho rais anaweza kukifanya peke yake na kile ambacho hawezi.

Bima: nani alazimishwe?

Kampeni ilipoanza mwaka 2007, Wamarekani wapatao milioni 47 hawakuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Baadhi ya mafukara walikuwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mzee aliyetimiza miaka 65 alikuwa na Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Wengi wa waliokosa walikuwa watu wa katikati, wafanyakazi wa mikahawa, maduka, saluni na kampuni ndogo ambazo hazikuwakatia watu wake bima. Aliyejaribu kujinunulia mwenyewe alijazishwa fomu ya historia ya magonjwa yake, na kama aliwahi kuugua kisukari, saratani au moyo, katika majimbo mengi kampuni ilikuwa na haki ya kumkataa, kumtoza zaidi, au kumpa bima isiyogharimia ugonjwa uleule alio nao. Aliyekuwa na bima kazini aliipoteza mara nyingi pamoja na kazi.

Mipango ya wagombea hao wawili ilifanana kuliko walivyopenda kukiri jukwaani. Yote miwili ilimwachia bima yake mtu aliyeridhika nayo. Asiye nayo angenunua katika soko linalosimamiwa na serikali, akichagua kati ya bima za kampuni binafsi na bima ya umma. Wenye kipato kidogo wangepewa ruzuku, waajiri wakubwa wangetakiwa kuwakatia wafanyakazi bima au kuchangia gharama, na kampuni zisingeruhusiwa tena kumkataa mgonjwa. Fedha zingetoka kwa kiasi kikubwa katika kuacha punguzo la kodi la Rais Bush lifikie kikomo kwa wenye kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Clinton alikadiria gharama ya dola bilioni 110 kwa mwaka. Obama kati ya bilioni 50 na 65.

Tofauti ilikuwa moja, na ilizaa ugomvi mkubwa. Clinton, alipotangaza mpango wake huko Iowa mwezi Septemba 2007, alisema kila mkazi lazima awe na bima. John Edwards, mgombea mwingine katika mchujo huo, alikuwa amesema hivyohivyo tangu Februari mwaka huo. Obama, aliyetangaza wake mwezi Mei, aliwawekea sharti hilo watoto tu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu hawakosi bima kwa sababu hawaitaki, wanaikosa kwa sababu ni ghali, ishushe bei, nao watainunua bila kulazimishwa. Alitoa mfano wa Massachusetts, jimbo lililopitisha sharti kama hilo mwaka 2006, ambako baadhi ya watu walitozwa faini na bado wakabaki bila bima.

Hoja ya Clinton ilihitaji maelezo marefu zaidi, na hiyo ni hasara jukwaani. Ukiilazimisha kampuni ya bima impokee kila mtu, mgonjwa na mzima kwa bei zinazokaribiana, halafu ukamwachia kila mtu hiari ya kujiunga, kijana mwenye afya atangoja. Atajiunga siku atakapoambiwa ana uvimbe. Mfuko utabaki na wagonjwa, michango itapanda, wazima wachache waliobaki nao watatoka, na michango itapanda tena. Kwa hiyo haki ya mgonjwa kutokataliwa na wajibu wa mzima kuchangia ni mambo yanayokwenda pamoja. Clinton alidai kwamba mpango wa Obama ungewaacha nje watu wapatao milioni 15. Lakini alipobanwa kuhusu namna ya kumshurutisha anayekataa, alisitasita kwa miezi, hadi tarehe 3 Februari 2008, siku mbili kabla ya majimbo zaidi ya 20 kupiga kura kwa pamoja, alipokubali kwenye televisheni kwamba huenda ingebidi kukata mishahara ya watu.

Watu wa Obama hawakuiacha nafasi hiyo. Walituma Ohio barua za kampeni zilizoonyesha mume na mke wameketi mezani mbele ya lundo la bili, zikisema kwamba mpango wa Clinton unamlazimisha kila mtu kununua bima hata kama hana uwezo. Picha ile iliwakumbusha watu wazima jambo fulani. Mwaka 1993 na 1994, Clinton alipokuwa mke wa rais na kiongozi wa jitihada za kuleta bima kwa wote, kampuni za bima zilirusha matangazo ya televisheni ya mume na mke wakiuhofia mpango huo mezani kwao. Mswada ule wenye kurasa zaidi ya 1,300 ulikufa mwaka 1994 bila kupigiwa kura ya mwisho, na chama chake kikapoteza mabaraza yote mawili ya bunge. Kuona mgombea wa Democratic akiazima silaha ya wale walioizika bima ya 1994 kulimkasirisha Clinton kiasi kwamba tarehe 23 Februari, huko Cincinnati, alizinyanyua barua hizo mbele ya waandishi na kumwambia Obama hadharani kwamba aone haya. Siku tatu baadaye, kwenye mdahalo wa Cleveland, walibishana juu ya bima kwa dakika 16 mfululizo.

Kwa maoni yangu barua zile hazikuwa za haki. Ziliificha ruzuku ambayo Clinton aliahidi kwa wasio na uwezo, na zilimfundisha mpiga kura kuiogopa kanuni ambayo chama kizima kingekuja kuihitaji.

Kilichofuata kinajibu ubishi ule kwa namna ambayo hakuna kambi iliyoitarajia. Obama alishinda, akaingia Ikulu, na kufikia Julai 2009 alikuwa amekubali sharti alilolipinga. Tarehe 9 Septemba 2009 alilitetea mbele ya mabaraza yote mawili. Seneti ilipitisha mswada kwa kura 60 dhidi ya 39 asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 219 dhidi ya 212 mwezi Machi, na tarehe 23 Machi 2010 Obama akaweka sahihi sheria ambayo, katika kiini chake, ilikaribia mpango wa Clinton kuliko wake mwenyewe. Bima ya umma, ambayo wagombea wote wawili waliiahidi, haikuwemo. Ahadi kwamba familia ya kawaida ingeokoa hadi dola 2,500 kwa mwaka haikutimia. Hata hivyo watu wapatao milioni 20 walipata bima katika miaka iliyofuata, na kampuni zilipoteza haki ya kumkataa mgonjwa.

Bado kuna jambo moja linalomtetea Obama wa 2008. Mahakama ya Juu iliponusurisha sharti hilo mwaka 2012 kwa kura 5 dhidi ya 4, ililichukulia kama kodi. Na bunge la Republican, katika sheria ya kodi ya Desemba 2017, likaishusha faini hadi sifuri kuanzia 2019. Wengi waliohofia kwamba soko lingeanguka waliona likiendelea kusimama, kwa kuwa ruzuku ilikuwa imewashika wanunuzi. Kwa hiyo mwanachama wa mwaka 2008 aliyeamini kwamba unafuu wa bei ndio utakaowavuta watu hakuwa mjinga. Clinton aliielewa mitambo ya bima vizuri zaidi, na alisema ukweli mgumu wakati ambapo ulimgharimu kura. Lakini pengo kati ya mipango ile miwili lilikuwa dogo kuliko kelele zake.

Vita: kura moja na hotuba moja

Katika vita, mlinganisho unaanza miaka sita kabla. Baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 11 Oktoba 2002, Seneti ilimpa Rais Bush idhini ya kutumia nguvu za kijeshi dhidi ya Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23. Clinton, seneta wa New York, aliunga mkono. Edwards aliunga mkono, Joe Biden na Christopher Dodd pia, ambao wote wanne waliwania urais mwaka 2008. Maseneta 21 wa Democratic walikataa, akiwemo Bob Graham wa Florida, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, mtu aliyekuwa na nafasi nzuri ya kujua uzito wa ushahidi uliokuwepo.

Clinton alieleza siku hiyo, na akaendelea kueleza kwa miaka, kwamba hakupiga kura ya kwenda vitani. Alipiga kura ya kumpa rais nguvu ya kumshinikiza Saddam Hussein akubali wakaguzi wa silaha. Maelezo hayo yangekuwa na uzito zaidi kama kusingekuwa na kura nyingine. Katika mjadala uleule, Seneta Carl Levin alileta pendekezo lililotaka jeshi litumike tu ikiwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa litaidhinisha, na ikiwa halitaidhinisha, rais arudi bungeni aombe idhini nyingine. Hiyo ndiyo ingekuwa kura ya ukaguzi kwanza na vita baadaye. Pendekezo lilishindwa kwa kura 75 dhidi ya 24, na Clinton alikuwa miongoni mwa walioliangusha. Mimi naiona kura hii ya pili kuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu inaonyesha kwamba njia aliyosema aliitaka ilikuwepo mezani na hakuishika.

Tarehe 2 Oktoba 2002, siku chache kabla ya kura hizo, Obama alisimama kwenye mkutano wa kupinga vita katika Federal Plaza, Chicago. Alikuwa seneta wa jimbo la Illinois tu, asiyejulikana nje ya jimbo lake. Alisema hapingi vita vyote, anapinga vita vya kijinga, na akaonya kwamba hata ushindi dhidi ya Saddam ungeleta ukaliaji ambao urefu, gharama na matokeo yake havijulikani. Ukiisoma hotuba hiyo leo, huwezi kusema kwamba alibahatisha. Alitoa sababu, na sababu zilithibitika.

Wapinzani wake walikuwa na majibu mawili ya kweli. La kwanza ni kwamba hakuwa na kura ya kupiga, na mtu asiyebeba jukumu husema kwa urahisi zaidi. La pili ni kwamba, baada ya kuingia Seneti Januari 2005, kura zake kuhusu Iraq zilifanana sana na za Clinton. Aliidhinisha fedha za vita kama yeye. Juni 2006, pendekezo la Seneta John Kerry la kuondoa majeshi katika muda wa takriban mwaka mmoja liliposhindwa kwa kura 86 dhidi ya 13, wote wawili walikuwa upande wa 86. Wote wawili walipinga nyongeza ya wanajeshi ya 2007, na tarehe 24 Mei 2007 wote wawili walikataa mswada wa fedha za vita usio na tarehe ya kuondoka, katika kura ambayo maseneta 14 tu waliukataa. Bill Clinton alipouita upinzani wa Obama dhidi ya vita hekaya, usiku wa kuamkia mchujo wa New Hampshire, alikuwa akizungumzia rekodi hiyo, ingawa alitia chumvi kupita kiasi.

Ahadi za kuondoka nazo zilikaribiana. Obama aliahidi kuondoa brigedi moja au mbili kila mwezi na kumaliza katika miezi 16. Clinton aliahidi kuanza ndani ya siku 60 za urais wake, bila kujifunga kwa tarehe ya mwisho. Mpiga kura aliyetaka kujua nani angeondoa majeshi haraka zaidi alipata tofauti ya kiasi tu. Aliyetaka kujua nani angeingia vitani kwa wepesi zaidi alipata tofauti kubwa, na ilithibitishwa tena Septemba 2007, Clinton alipoliunga mkono azimio lililotaka Walinzi wa Mapinduzi wa Iran watangazwe kuwa kundi la kigaidi. Obama alilipinga kwa maneno, lakini siku ya kura hakuwepo ukumbini, na nadhani alistahili lawama kwa hilo.

Kuna jambo la tabia pia. Edwards aliandika mwaka 2005 kwamba kura yake ilikuwa kosa. Clinton hakutaka kulisema neno hilo. Februari 2007, huko Dover, New Hampshire, aliwaambia wapiga kura kwamba kama jambo kubwa kwao ni kumpata mtu ambaye hakuipiga kura ile au aliyekiri kuwa amekosea, basi wapo wengine wa kuchagua. Wengi walimchukulia kwa maneno yake mwenyewe. Ilikuja kuwa mwaka 2014 ndipo alipoandika bila kuzunguka kwamba alikosea. Katika mwezi Machi 2008, mchujo ukiwa umepamba moto, idadi ya wanajeshi wa Marekani waliokufa Iraq ilifika 4,000, bila kuwahesabu Wairaki ambao vifo vyao vilikuwa vingi mara nyingi zaidi. Mbele ya hesabu hiyo, mpiga kura alikuwa na haki ya kudai neno moja wazi.

Clinton alijibu kwa hoja ya uzoefu. Kabla ya kura za Texas na Ohio za tarehe 4 Machi alirusha tangazo la simu inayolia Ikulu saa tisa ya usiku watoto wakiwa wamelala, akiuliza nani aipokee. Obama akajibu kwa tangazo lake kwamba simu hiyo ilikwisha kulia mara moja, kuhusu Iraq. Clinton alishinda Ohio na kura za mchujo za Texas, kwa hiyo hoja yake ilikuwa na wasikilizaji. Kwa uamuzi wangu, jibu la Obama lilikuwa ndilo lenye ushahidi.

Kipi kiwe na uzito zaidi

Mpango wa bima wa mgombea ni ombi la kwanza katika majadiliano marefu ambayo rais hayamiliki. Utapita kamati, utahitaji kura 60 za kufunga mjadala katika Seneti au njia ya bajeti yenye masharti yake, na utafika mezani kwa rais ukiwa na sura nyingine. Mfano mzuri ni Joe Lieberman, ambaye anaunganisha mambo yetu mawili katika mtu mmoja. Agosti 2006 wanachama wa Democratic wa Connecticut walimwangusha seneta huyo katika mchujo kwa sababu ya kuunga mkono vita vya Iraq. Alisimama kama mgombea huru, akashinda Novemba, akarudi Seneti bila deni kwa waliomkataa. Desemba 2009, chama kilipohitaji kila kura kati ya zile 60, ni yeye aliyetishia kuuzuia mswada ikiwa ungekuwa na bima ya umma au nafasi ya watu wa miaka 55 kujiunga na Medicare. Vyote viwili viliondolewa. Hakuna neno lolote katika mpango wa Obama au wa Clinton lililoweza kumzuia.

Vita havina mlolongo huo. Katiba ya Marekani inalipa bunge mamlaka ya kutangaza vita, lakini mara ya mwisho bunge kufanya hivyo rasmi ilikuwa 1942. Sheria ya 1973 inamtaka rais aliarifu bunge ndani ya saa 48 na kusimamisha mapigano baada ya siku 60 kama hakupata idhini; Obama mwenyewe, Machi 2011, aliingiza ndege za Marekani katika vita vya Libya, na siku 60 zilipopita serikali yake ikadai kwamba operesheni ile haikuwa mapigano kwa maana ya sheria. Clinton, wakati huo waziri wake wa mambo ya nje, alikuwa miongoni mwa waliopigania Marekani iingie Libya.

Libya inanilazimisha nisiupake rangi ushindi wa hoja ya 2002. Obama aliondoa majeshi Iraq: alitangaza Februari 2009 kwamba operesheni za mapigano zitakwisha mwisho wa Agosti 2010, miezi 19 badala ya 16, na askari wa mwisho waliondoka Desemba 2011, tarehe iliyofuata mkataba ambao serikali ya Bush ilikuwa imeusaini na Iraq mwaka 2008. Lakini Desemba 2009 alipeleka wanajeshi 30,000 zaidi Afghanistan, na Agosti 2014 ndege za Marekani zikarudi kushambulia Iraq. Aliyemchagua akidhani amepata mpinga vita hakusikiliza vizuri, kwa kuwa aliahidi kuongeza majeshi Afghanistan tangu kampeni na alisema Chicago kwamba hapingi vita vyote. Aliyemchagua akitaka mtu atakayeuliza maswali kabla ya kuingia alipata sehemu kubwa ya alichokitaka, na alikosa sehemu yake Libya.

Basi namna ya kupima ni tofauti kwa kila jambo. Katika bima, usihangaike sana na asilimia na vifungu. Tazama kama mgombea aliwahi kulipia gharama ya kisiasa kwa ajili ya afya za watu, na kama anaijua mitambo vya kutosha kutambua kipande gani kisiuzwe katika majadiliano. Mwenye mtoto mgonjwa aliyekataliwa na kampuni tatu alikuwa na sababu nzuri ya kumchagua Clinton mwaka 2008, na nisingejaribu kumbadilisha nia. Katika vita, ahadi ni nyepesi na rekodi ndiyo nzito: alifanya nini siku ambayo kusema hapana kulikuwa hatari, na je, njia ya tatu ilipokuwa mezani, aliishika? Familia yenye kijana jeshini ilipaswa kuisoma kura ya pendekezo la Levin kabla ya tangazo lolote.

Kulikuwa pia na Dennis Kucinich, mbunge wa Ohio, aliyepiga kura dhidi ya vita mwaka 2002 na aliyetaka bima moja ya umma kwa watu wote. Mwenye kuyapenda mambo hayo mawili kwa ukamilifu alikuwa na mgombea wake, lakini Kucinich alijitoa Januari 2008 bila kushinda jimbo lolote, na wapiga kura wake wakabaki na mizani ileile ya Clinton na Obama.

Mizani hiyohiyo mwaka 2020

Miaka 12 baadaye chama kilekile kilirudi kwenye mambo yaleyale. Joe Biden alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje alipoipigia kura idhini ya vita ya 2002. Bernie Sanders, wakati ule mbunge wa Vermont, aliikataa, na mwaka 2019 aliongoza azimio la kuacha kuisaidia Saudi Arabia katika vita vya Yemen, lililopita mabaraza yote mawili kabla ya Rais Trump kulizuia kwa kura ya turufu. Katika bima, Sanders alitaka Medicare kwa kila mtu na kufutwa kwa sehemu kubwa ya bima binafsi. Biden alitaka kuongeza ruzuku na kuanzisha ile bima ya umma iliyoondolewa 2009. Idhini ya 2002 nayo haikuwa historia tupu: Januari 2020, wiki chache kabla ya mchujo wa Iowa, serikali ya Trump iliitaja kama sehemu ya msingi wa kisheria wa kumuua jenerali wa Iran, Qasem Soleimani, mjini Baghdad.

Kwa kura ya 2002 peke yake, Sanders alikuwa mbele bila ubishi. Lakini rekodi ya Biden ilikuwa na ukurasa mwingine ambao wengi hawakuusoma: mwaka 2009, akiwa makamu wa rais, alipinga ndani ya Ikulu nyongeza kubwa ya majeshi Afghanistan. Mpimaji makini angeziweka kura na ushauri huo kwenye mizani moja, na ninaamini angeuona ule wa karibuni kuwa dalili bora ya kile ambacho mtu huyo angekifanya akipewa amri mkononi.

Ndivyo ilivyotokea. Agosti 2021 Biden aliwaondoa askari wa mwisho Afghanistan, akitekeleza njia iliyofunguliwa na makubaliano ya Trump na Taliban ya Februari 2020, dhidi ya ushauri wa majenerali wake na kwa kuondoka kulikokuwa na vurugu na vifo. Hakuhitaji kura hata moja ya bunge. Bima ya umma aliyoiahidi haikupigiwa kura kabisa. Kilichopatikana, mwezi Agosti 2022 katika Seneti iliyogawanyika 50 kwa 50 na kwa kura ya kuvunja sare ya makamu wa rais, kilikuwa kuendelezwa kwa ruzuku za bima, haki ya Medicare kujadiliana bei za baadhi ya dawa, na kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya wazee walio ndani ya Medicare, wakati wagonjwa wa kisukari wenye bima binafsi waliachwa nje ya kikomo hicho kwa kukosa kura 60.